Nani Analipa Chaji? Historia fupi ya betri, kutoka dainamo ya baiskeli hadi GPS ya bodaboda

Wadau, leo naomba tuzungumze historia. Si ya wafalme wala ya vita, hiyo tumeisoma shuleni na kuijibia mitihani ya kutosha. Nataka tuzungumze historia ya betri. Najua kuna atakayeuliza betri nayo ina historia gani. Vumilia kidogo, maana ndani yake kuna riziki za vijana wengi wa rika letu.

Chukua mfano huu. Kijana wa Bugwema, kule Musoma Vijijini, amepewa pikipiki kwa mkataba. Kila siku anapeleka hesabu, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Bosi anaishi Musoma mjini au Mwanza, na kabla ya kukabidhi ufunguo amefunga GPS chini ya kiti ili ajue chombo chake kiko wapi. Kijana anapata msiba, pikipiki inalala uani siku tatu. Siku ya nne anabonyeza stata: tik, tik, tik... kimya. Fundi anasema betri imekufa. Bosi anasema dereva hatunzi chombo. Dereva anasema ni hiyo GPS yako. Betri mpya inanunuliwa, na anayeinunua ni dereva, kwa sababu walikubaliana kwamba matengenezo madogo ni ya kwake. Miezi michache baadaye hadithi ni ile ile.

Mimi nasema dereva huyu ana haki ya kusikilizwa kuliko tunavyomsikiliza. Lakini ili tuelewe kwa nini, inabidi turudi nyuma, kabla ya bodaboda, kabla ya simu, hata kabla ya redio.

Kwa asiyefahamu: Bugwema ni kata ya mkoa wa Mara, upande wa Ziwa Victoria, si mbali sana na Butiama alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Wengi wanaolisikia jina hilo wanalisikia kwa sababu ya bonde lake na ndoto ya kilimo cha umwagiliaji, ndoto ambayo serikali imekuwa nayo tangu miaka ya 1970. Ni nchi ya wakulima, wafugaji na wavuvi. Na kama sehemu kubwa ya vijiji vyetu, kwa miaka mingi umeme wake haukutoka kwenye nguzo. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007. Kabla ya hapo, mtu wa kijijini akitaka umeme alikuwa na njia mbili tu: autengeneze mwenyewe au aununue ukiwa ndani ya betri.

Tuanze na wa kujitengenezea. Zao la pamba ndilo lililoleta fedha taslimu katika sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa, na fedha ya pamba ndiyo iliyoleta baiskeli. Baiskeli ya mtu mwenye hadhi ilikuwa na taa mbele na dainamo, kile kichupa kidogo cha chuma kinachoegemezwa kwenye tairi. Tairi likizunguka, dainamo inazunguka, taa inawaka. Ukikazana mlimani mwanga unafifia kwa sababu unakwenda polepole, ukiteremka unamulika kijiji kizima. Ukisimama kusalimiana na mtu, giza.

Tulikuwa tukiicheka ile taa, lakini ilikuwa na uaminifu wake. Ilikula ulichozalisha wakati ule ule. Haikuweka akiba, kwa hiyo hapakuwa na akiba ya kuibwa usiku. Ungeiacha baiskeli imeegemea mwembe mwezi mzima, siku utakapopanda tena taa itawaka kama jana. Kumbuka dainamo hii, tutairudia.

Kisha ikaja redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilipata jina hilo mwaka 1965, na katika miaka ile ile ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilijenga kiwanda Dar es Salaam kilichotoa betri za National. Kenya nao walikuwa na kiwanda cha Eveready pale Nakuru, kilichofungwa mwaka 2014. Serikali ilielewa mapema kwamba redio ya betri ni darasa lisilohitaji nguzo. Mwaka 1973 ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika kwenye vikundi kusikiliza vipindi vya redio na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Ukitafakari, ile ilikuwa kampeni ya kitaifa iliyotegemea betri kavu chache ndani ya kila redio.

Betri zile zilikuwa ghali kwa mkulima, na hapo ndipo nidhamu ya chaji ilipoanza. Redio haikuwashwa ovyo. Ilifunguliwa saa ya taarifa ya habari, saa ya salamu, saa ya mpira, kisha ikafungwa, na mzee mwenye redio ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kuifungua. Betri zikichoka zilianikwa juani juu ya bati au jiwe, na kweli ziliamka kidogo. Wengine walizigonga, wengine waliziuma kwa meno. Watu wa mjini waliona ni ushamba, lakini kuna sayansi ndani yake. Joto huharakisha mwendo wa kemikali zilizobaki ndani, kwa hiyo betri iliyochoka ikipata jua hutoa nguvu ya mwisho. Haikuwa kuchaji, ilikuwa kukamua.

Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wakati wa foleni za sukari na sabuni, betri nazo ziliadimika na redio nyingi zikanyamaza. Kila aliyepitia kipindi kile alijifunza jambo moja: chaji ni mali, na mwenye kuitumia ndiye anayeilipia. Baba alipofungua redio kusikiliza salamu, alijua kila dakika inatoka mfukoni mwake. Hilo nalo likumbuke.

Hatua ya tatu ni betri ya gari. Tukiisema betri ya gari tunafikiri ni kitu cha juzi, lakini betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kabla magari ya petroli hayajawepo. Ilipata kazi yake kubwa baada ya Charles Kettering wa Marekani kubuni stata ya umeme, iliyoanza kufungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Kabla ya hapo ulizungusha injini kwa mkono kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma inakuvunja mkono.

Kazi ya stata ilizaa aina ya pekee ya betri. Ni kama mkimbiaji wa mita 100: hutoa nguvu nyingi sana kwa sekunde chache, kisha injini ikiwaka huanza kurudishiwa kilichotoka. Hakuumbwa kwa marathoni. Ukimlazimisha atoe nguvu kidogo kidogo usiku kucha hadi aishiwe, na ukamwacha hivyo siku kadhaa, sahani za risasi zilizo ndani hushika chembe ngumu nyeupe zisizoyeyuka kirahisi. Akifanyiwa hivyo mara kadhaa, hata umchaji vipi hapokei tena.

Vijijini tulimchukua mkimbiaji huyu tukamfanya mpagazi. Betri ya gari iliwasha taa za harusi, ikaendesha televisheni ya kuonyesha mpira na video za kulipia, ikachaji simu. Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994 zikiwa za wakubwa, na baada ya mwaka 2000 zikashuka kwa watu wa kawaida. Hapo kila senta ikapata mtu wake mwenye betri, waya nyingi za kila aina ya chaja na daftari la majina. Unaacha simu asubuhi, unachukua jioni, unalipa. Betri ikichoka inapakiwa kwenye baiskeli mpaka kwenye umeme au jenereta, inachajiwa, inaongezwa maji ya betri, inarudi. Wenye betri hizi walijua mambo ambayo leo tunayafundisha kama mapya: usiikamue betri mpaka iishe, usiilaze ikiwa tupu, na jua kila kitu kilichounganishwa kwenye vichwa vyake viwili.

Ndipo ikaja pikipiki. Zilikuwepo tangu zamani, za mapadri, mabwana shamba na maafisa wa serikali, lakini wimbi lenyewe lilikuja miaka ya 2000 na pikipiki za China na India: SanLG, Toyo, Boxer, TVS. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na kazi ambayo vijana walikuwa wakiifanya kwa kujificha ikawa kazi halali. Kwa sehemu kama Bugwema, ambako kutoka kitongoji hadi zahanati au barabara kuu ni mwendo, bodaboda ikawa gari la wagonjwa, teksi, mkokoteni na posta kwa pamoja.

Pikipiki ni ndoa ya dainamo na betri ya gari. Ndani ya injini kuna magneti na koili zinazotengeneza umeme injini inapozunguka, kama ile dainamo yetu. Kuna kifaa kinachougeuza umeme huo uwe wa kufaa betri. Na kuna betri yenyewe, ndogo, ya volti 12, mara nyingi yenye uwezo wa kati ya Ah 5 na Ah 9. Ah 5 maana yake inaweza kutoa ampea 1 kwa saa 5 ndipo iishe. Betri ya basi ni kama pipa, hii ni kama kikombe cha chai. Na tayari kikombe hicho kina wanywaji wengi: taa, honi, indiketa, stata, na kwa vijana wapenda mbwembwe, taa za rangi na spika ya muziki.

Mnywaji mpya aliyeingia ni GPS, na historia yake inashangaza. Mfumo huu ulijengwa na jeshi la Marekani. Setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga la Kisovieti na kutunguliwa. Watu 269 wakafa. Baada ya msiba ule Rais Reagan alitangaza kwamba mfumo huo ukikamilika, raia nao watautumia bure. Ulikamilika mwaka 1995, lakini kwa raia ishara iliharibiwa makusudi ili usiwe sahihi sana. Mei 2000 Rais Clinton aliondoa kizuizi hicho, na usiku mmoja kosa la mita kama 100 likashuka hadi mita 20 au pungufu. Biashara yote ya kufuatilia magari, mizigo na pikipiki imesimama juu ya uamuzi ule.

Kifaa cha kwanza cha GPS cha kushika mkononi kilichouzwa kwa raia, Magellan NAV 1000 cha mwaka 1989, kiliuzwa kwa dola kama 3,000 na kilimaliza betri zake kwa saa chache. Kula chaji ni tabia ya kuzaliwa ya vifaa hivi. Hata wenzetu wa Kanada na nchi za Skandinavia, wanaotembelea juu ya theluji kwa vile vyombo ambavyo kampuni ya Bombardier ilivieneza kuanzia mwaka 1959 kwa jina la Ski-Doo, wana shida hii hii. Chombo kinalala siku nyingi kwenye baridi kali, betri ndogo inadhoofika, GPS inaendelea kunywa, na mtu anajikuta porini na injini isiyowaka. Vingi vya zamani havikuwa na betri kabisa: unavuta kamba, injini inawaka, taa zinakula moja kwa moja kwenye koili. Dainamo ya baiskeli tena!

Sasa tuangalie GPS ya bodaboda inavyokula. Watu wengi wanadhani setilaiti ndiyo inayoiona pikipiki. Si kweli. Setilaiti, zilizo kilomita kama 20,200 juu yetu, zinatangaza saa na mahali zilipo, basi, kama kituo cha redio. Hazijui kama wewe upo. Kifaa kilicho chini ya kiti ndicho kinachosikiliza setilaiti nne au zaidi, kinapiga hesabu, kinapata mahali kilipo. Kisha kinafanya kazi ya pili, ambayo ni nzito zaidi: kinatumia laini ya simu iliyomo ndani kumpelekea bosi jibu. Ndani yake kuna masikio ya setilaiti na mdomo wa simu, na mdomo ndio unaokula zaidi.

Hapa ndipo Bugwema inapotofautiana na Kariakoo. Simu ikiwa karibu na mnara hunong'ona. Ikiwa mbali hupiga kelele, na mtandao ukipotea huanza kuutafuta upya. Wote tumeona simu zetu zinavyokwisha chaji haraka tukienda vijijini. Kifaa kile kile, kikiwa mjini kinakula kidogo, na kikiwa nyuma ya kilima ambako mtandao unakuja na kuondoka kinakula zaidi. Kwa hiyo aliyeko mbali zaidi ndiye anayepoteza chaji zaidi.

Tupige hesabu rahisi. Kifaa kisicholala kinaweza kula miliampea 50 hivi mfululizo. Ni kidogo sana, hakiwezi hata kuwasha taa ya breki. Lakini 50 mara saa 24 ni miliampea-saa 1,200, yaani Ah 1.2 kwa siku. Betri ya Ah 5 inakuwa tupu siku ya tano haijaisha. Na stata haisubiri betri iwe tupu. Ikishuka nusu hivi, hasa kama ni ya zamani, stata inaanza kugoma. Hiyo ni siku ya pili au ya tatu. Yule kijana wetu wa msiba hakurogwa, ni hesabu tu.

Kifaa hicho hicho kikifundishwa kulala, yaani pikipiki ikizimwa nacho kisinzie, kinaweza kushuka hadi miliampea 5 hivi. Hiyo ni Ah 0.12 kwa siku. Betri ile ile sasa itachukua zaidi ya siku 40 kuisha, na siku 20 kufika nusu. Ni chombo kile kile na betri ile ile, kilichobadilika ni waya mmoja na maagizo machache.

Linganisha na basi. Mwaka 2017 SUMATRA, iliyokuwa mamlaka ya usafiri wakati huo, ilianza kutumia mfumo wa kufuatilia mabasi ya mikoani ili kudhibiti mwendo kasi. Betri kubwa ya Ah 150 ikinywewa miliampea 50 itachukua siku 125 kuisha, na basi halilali hata siku mbili. Hakuna dereva wa basi aliyelalamika kwamba kifaa kimemuua betri. Kwa hiyo ufundi wa kufunga uliofaa basi na lori, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, maliza, uliletwa kwenye pikipiki kama ulivyo, na mzigo ukaangukia kikombe cha chai.

Lakini mfano unaonifikirisha zaidi uko karibu zaidi na Bugwema kuliko mabasi. Wilaya jirani ya Bunda inapakana na Hifadhi ya Serengeti, na tembo wanaoingia mashambani ni kilio cha miaka mingi. Watafiti wamewavalisha baadhi ya tembo wa Serengeti kola za GPS ili wajue wanakwenda wapi. Tembo hana injini, hana magneti, hakuna wa kumchaji. Betri iliyo shingoni mwake imefungwa humo, na inatakiwa idumu miezi mingi, hata miaka. Inawezekanaje? Kifaa kinalala. Kinaamka kwa mfano mara moja kwa saa, kinapata mahali kilipo, kinatuma, kinalala tena.

Kwa nini mafundi walihangaika kumtengenezea tembo kifaa chenye adabu namna hiyo? Kwa sababu betri ya tembo ikiisha, gharama ni ya aliyemfunga. Inabidi aende tena na daktari wa mifugo, bunduki ya dawa ya usingizi, gari na watu, amlaze mnyama wa tani kadhaa, abadilishe kola. Mwenye kifaa na mwenye hasara ni mtu mmoja, kwa hiyo ubunifu ulipatikana.

Kwa bodaboda, mwenye kifaa ni mmoja na mwenye hasara ni mwingine. Bosi anapata ramani kwenye simu yake. Betri ananunua dereva. Ndiyo maana kifaa kinaachwa kikeshe, kikituma kila sekunde 20 kwamba pikipiki bado iko uani, imesimama, haijakwenda popote. Kwa historia tuliyoipitia, hili ni jambo jipya. Dainamo ilikula jasho la mpanda baiskeli kumwangazia yeye mwenyewe. Redio ilikula betri ya baba kumletea baba salamu. Betri ya senta ilimlipa mwenye betri. Hiki ni chombo cha kwanza kinachokula chaji ya mtu mmoja kumhudumia mwingine.

Na hasara haiishii kwenye betri. Dereva akichoka anafanya jambo la kawaida: anachomoa waya wa GPS usiku na kuurudisha asubuhi. Kwake ni kulinda betri. Kwa bosi, aliye kilomita nyingi mbali na anayeona kwenye simu kwamba ishara imepotea saa nne usiku, hiyo ni dalili ya wizi. Hapo mkataba unaweza kuvunjika, pikipiki ikarudishwa, na hesabu za miezi minane au kumi zikapotea. Kijana anapoteza pikipiki iliyokuwa karibu kuwa yake kwa sababu ya miliampea 50. Naomba nieleweke: siwapingi wenye pikipiki kufunga GPS. Pikipiki zinaibwa, madereva wanavamiwa na wengine kuuawa, na kifaa hiki kimesaidia. Ninachosema ni kwamba kifungwe vizuri.

Kufunga vizuri hakuhitaji maajabu. Kwanza, nunua kifaa chenye waya wa tatu, ule ambao mafundi wanauita ACC. Mwekundu unakwenda kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi ndogo ya ampea 1 au 2 iliyo karibu na betri, ili waya ukichubuka usiunguze chombo. Mweusi unakwenda hasi. Wa ACC unaunganishwa kwenye waya unaopata umeme pale tu ufunguo unapofunguliwa, kwa mfano unaotoka kwenye swichi kwenda taa ya nyuma. Kwa waya huo kifaa kinajua chombo kimezimwa, na kinaweza kulala.

Pili, kiagize kilale. Vifaa vingi hupokea maagizo kwa ujumbe mfupi wa simu. Pikipiki ikitembea kitume kila nusu dakika au dakika. Ikisimama kitume mara moja kwa saa au zaidi, na kiamshwe na mtikisiko, maana mwizi hawezi kuiba pikipiki bila kuitikisa. Kama kina uwezo wa kutoa taarifa betri inaposhuka, kiwekewe kiwango cha volti 12.2 hivi. Betri nzima iliyotulia husoma karibu 12.6, na 12.2 ni kama nusu. Ni heri bosi apate ujumbe kuliko dereva apate hasara.

Tatu, pima. Fundi mwenye mita afungue waya wa hasi wa betri, aweke mita katikati kwenye upande wa ampea, ufunguo ukiwa umefungwa, asubiri dakika kadhaa kifaa kisinzie, kisha asome. Miliampea chache ni sawa. Ikikaa kwenye 40 au 50, hakilali, na ushahidi uko mbele ya dereva na bosi bila kelele. (Tahadhari: stata isiguswe mita ikiwa hapo, itaungua.)

Kuna wanaofunga kifaa chote kwenye umeme wa ufunguo, ili pikipiki ikizimwa nacho kizimike. Hiyo ni dainamo ya baiskeli: betri haiguswi. Lakini pikipiki ikiibwa usiku, kifaa kitategemea kibetri kidogo kilicho ndani yake, na hicho hudumu saa chache tu. Kwa anayelaza chombo ndani ya nyumba huenda inatosha, kwa anayekilaza uani haitoshi. Ni jambo la kukubaliana mapema.

Na hilo ndilo ningependa liingie kwenye mikataba yetu, ambayo mingi ni karatasi moja ya daftari yenye sahihi mbili na shahidi. Iandikwe mstari mmoja: GPS ni ya mwenye chombo, ifungwe kwa waya wa ACC, ipimwe mbele ya wote wawili, na betri ikifa kabla ya muda wake huku kifaa hakilali, gharama ni ya aliyekifunga. Siku bosi atakapoanza kulipia betri, mtashangaa jinsi mafundi wote wa GPS watakavyojua ghafla namna ya kuilaza.

Wazee wetu wa Bugwema walijua kufunga redio baada ya taarifa ya habari. Hakuna aliyewafundisha elektroniki. Walijua tu kwamba chaji ilitoka mfukoni mwao. Wewe mwenye bodaboda ya mkataba, au mwenye ndugu anayeendesha, hebu uliza leo: GPS iliyo chini ya kile kiti inalala, au inakesha?